Kidonda cha moto kikifunga, kazi ndiyo kwanza inaanza

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mfalme Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu. Januari iliyofuata Speke aliondoka kwenda Buganda, lakini Grant alibaki. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia juu ya goti, ukatunga usaha, ukapasuliwa mara kadhaa, naye akalala kibandani miezi na miezi. Watu walimhurumia na kila mmoja alikuja na tiba yake. Bombay, Mwafrika mashuhuri wa msafara ule, alileta habari ya dawa ya kubandika iliyotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Ndugu yake mfalme alimpelekea mganga wa Kinyambo pamoja na mkewe, wakamchanja na kumpaka dawa nyeusi waliyoifunga katika jani la mgomba.

Mwishowe usaha ulikauka. Lakini katika miezi ile goti lilikuwa limekakamaa likiwa limejikunja, na Aprili 1862 Grant alitolewa Karagwe akiwa amebebwa machelani. Katika masimulizi yake usaha na dawa vimepata nafasi kubwa. Goti limepata maneno machache tu.

Grant hakuungua moto. Namtaja kwa sababu goti lake ndilo goti ambalo hadi leo watoto wetu hutoka nalo hospitali baada ya kuungua, na kwa sababu sisi nasi tunasimulia kama yeye. Twasema, “Kidonda kimepona, Mungu ashukuriwe,” na hatuuulizi mguu kama unanyooka.

Hebu tuingie jikoni, iwe Karagwe au Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mafiga yako chini. Maharage yanachemka, koroboi iko juu ya kigoda, na mtoto ndio kwanza anajifunza kutembea. Kinachofuata kila mzazi anakijua. Nitasema kwa kifupi tu kwamba jeraha la moto humwagiwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha mtoto hupelekwa kwa mganga wa hospitali. Dawa ya meno, majivu na manyoya ya sungura viachwe.

Shauri langu la leo ni juu ya wiki na miezi inayofuata. Ngozi iliyoungua sana hujifunga kwa kujivuta, kama mdomo wa mfuko unaokazwa kamba. Kovu linaendelea kujivuta kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, hata baada ya bendeji kutolewa. Na mtoto mwenye maumivu hulala vile anavyopata nafuu: mkono umekunjwa kifuani, kidevu kimeinama, magoti yamepandishwa, vidole vimefumbwa. Mama mwenye huruma humbeba hivyo hivyo alivyojikunja. Basi mkao ule wenye nafuu ndio kovu linaoufuata na kuufunga. Kiwiko hakinyooki tena, kidevu kinashikana na kifua, vidole vinaungana kama vya bata. Aidha, mtoto anakua. Mfupa unarefuka, nalo kovu halirefuki pamoja nao.

Dawa yake ni ya kuchosha, lakini si ya miujiza. Kila kidole hufungwa bendeji peke yake. Kiungo huwekwa banzi usiku, la mti au la hogo, kikiwa kimenyooshwa. Mchana hunyooshwa polepole, mara kadhaa, mtoto akilia na mama akilia. Kovu likishafunga hupakwa mafuta na kusuguliwa. Mtoto huchezeshwa mpira, hutundikiwa tunda mahali ambapo sharti anyooshe mkono ili alifikie. Kazi hii ina wataalamu wake, wanaoitwa wafiziotherapia, ila mtaalamu humwona mtoto nusu saa. Saa zilizobaki ni za mama, bibi na dada.

Historia ya elimu hii inapita karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa Kiingereza walikuwa wakiungua nyuso na mikono ndani ya ndege. Tiba ya siku zile ilikuwa kupaka asidi ya tanini, ambayo iliacha gamba gumu na kuvikakamaza vidole. Daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe, wa hospitali ya mji wa East Grinstead, aliipinga. Ilikuwa imeonekana kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, basi akawalaza wagonjwa wake katika mabafu ya maji ya chumvi. Aliwapandikiza ngozi, mwingine mara nyingi mno, na hakukubali wafichwe. Aliwahimiza waingie mjini na nyuso zao vile zilivyo. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, na hadi vita inakwisha kilikuwa na wanachama 649.

Sasa, mwanafunzi mmoja wa McIndoe, Michael Wood, alikuja kufanya kazi Afrika Mashariki na kukaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huko ndiko mwaka 1956 yeye, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walikozungumzia namna ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege, na mwaka 1957 likazaliwa shirika tunaloliita AMREF. Wote watatu walikuwa mabingwa wa kurekebisha ngozi na maungo. Wengi tunawajua Madaktari Warukao; wachache tunajua kwamba shina lake lilikuwa watu wa makovu.

Chini ya mlima huo huo, hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na hapo pakaanzishwa mafunzo ya fiziotherapia. Mwaka 1981 kikafuata chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea viungo.

Lakini Moshi ni mbali na Murongo. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Miaka ya meli mgonjwa wa Karagwe alishuka kwanza hadi Bukoba, akalala melini, akaamka Mwanza, na mama yake aliacha shamba na watoto wengine nyuma. Nani atafanya safari hiyo mara sita kwa ajili ya kiwiko? Na hata kovu likikatwa na ngozi kupandikizwa, bila banzi na mazoezi kiwiko hurudi kulekule. Ndiyo maana baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilihimiza utengemao ufanyike kijijini, mhudumu akimfuata mtoto nyumbani. Karagwe nayo ilipata mpango wa namna hiyo, KCBRP. Kwa maoni yangu, mhudumu mwenye baiskeli na banzi mbili amestahili sifa ambazo hatujawahi kumpa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, kata ya Itera, wilayani Kyerwa, liliwaka moto. Watoto 10 walikufa na wengine wakajeruhiwa. Sisi watu wa habari tulihesabu maiti, kama tulivyohesabu Shauritanga mwaka 1994 na Idodi mwaka 2009, tukaulizia chanzo cha moto, tukaenda kwenye habari nyingine. Majeruhi tuliwaandika kwa tarakimu moja na neno “hospitali”.

Mtoto aliyeokolewa bwenini humo akiwa na miaka 8 sasa amerefuka. Nauliza, ndugu wasikilizaji: anaponyoosha mkono darasani, unafika juu?