Salama ya Omelas
Mwaka 1973 Ursula K. Le Guin wa Marekani alichapisha hadithi fupi kuhusu mji uitwao Omelas. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa bunilizi za kisayansi. Jina hilo alilitoa kwenye kibao cha barabarani: Salem, na O ya Oregon, akasoma kinyumenyume. Salem ni ndugu wa neno letu salama. Lile limetoka Kiebrania, letu Kiarabu, mzizi mmoja.

Omelas ni mji wa raha. Ila chini ya jengo moja, katika chumba kisicho na dirisha, amefungiwa mtoto pamoja na madekio mawili yanayonuka, naye anayaogopa. Chakula chake cha siku ni nusu bakuli ya unga wa mahindi na mafuta. Wenyeji wote wanajua, kwani raha yao inategemea mateso yake. Wachache huondoka, wasirudi.

Sisi huulizana "salama?" kutwa, na jibu hutangulia fikra. Hadithi hii inadai swali la pili: salama ya nani? Kwangu mimi, hata wanaoondoka hawajatimiza wajibu, maana mtoto bado yumo. Isomeni kwa sauti, mbishane, kisha mniandikie.