"Unatoka wapi?": salamu ya njia panda ya Miti

Miti iko kwenye barabara ya taifa nambari 2, kati ya Mudaka na Kavumu, katika teritware ya Kabare, Kivu Kusini. Ni pale njia inagawanyika: moja inaendelea Katana na Goma, ingine inapanda Tshivanga, kwenye mlango wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kisha inashuka Bunyakiri na Hombo mpaka Walikale. Mahali kama hapo kila mtu anatoka fasi na anaenda fasi. Ndiyo maana kutwa nzima utasikia "Unatoka wapi?" na ndugu yake, "Uko unaenda wapi?"

Mgeni anaweza kufikiri kwamba anachunguzwa. Kumbe mwenye kuuliza, mara nyingi, hana haja na habari yenyewe. Mama mwenye kubeba ndizi anauliza mwenzake mwenye kubeba kuni, na jibu ni "Natoka uku tu" ama "Niko naenda apa chini." Jina la mahali halitajwi, na hakuna anayekasirika. Kila mmoja ameonyesha kwamba amemwona mwenzake, basi wanaachana. Yule anayepita kimya ndiye anabaki kuwa habari: "Ule iko na hasira na nani?"

Mchunguzi wa mila Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha London, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1923. Alikuwa ameishi katika visiwa vya Trobriand, upande wa Papua Guinea Mpya, na mfano mmoja alioutoa ulikuwa salamu ya watu wa kule yenye maana ileile: unatoka wapi. Alieleza kwamba kazi ya maneno ya namna hiyo ni kufunga urafiki na kuondoa uzito wa kimya, maana mtu asiyesema kitu anatia wasiwasi. Mama wa ndizi hakungoja kitabu kwa kujua hilo. Lakini ni vizuri kujua kwamba si tabia yetu sisi peke yetu.

Salamu za nyumbani nazo zina mwendo wao. "Haba nyumbani?" "Bako." "Batoto?" "Bako muzuri." Halafu wanaongea juu ya mvua, bei ya maharagwe, njia yenye matope. Ni pale mtu anataka kuaga ndipo anasema: "Lakini ule mudogo hakulala, mwili iko moto." Ile "muzuri" ya kwanza haikuwa uongo. Ni adabu: huwezi kumtupia mtu mzigo wako kabla hajakaa. Anayeharakisha salamu anaondoka na "muzuri" mkononi, na mtoto mgonjwa anabaki ndani ya nyumba.

Swali la njia, lenyewe, limepata uzito mwingine. Tarehe 14 Februari 2025, M23 ilichukua kiwanja cha ndege cha Kavumu, jirani kabisa na Miti, kisha ikaingia Bukavu. Kwenye barabara yenye watu wa silaha, maneno "Unatoka wapi?" yanaweza kutoka kinywani mwa mtu ambaye kweli anataka jibu. Kwake "uku tu" haitoshi, na inaweza kuonekana kama kuficha. Jibu lililokuwa la heshima kwa jirani linakuwa hatari mbele ya bariere.

Kwa hiyo watu wanapima, hata kama hawasemi kwamba wanapima. Muulizaji anaendelea kutembea, ama amesimama? Amekuita "mama", "papa", "yaya", ama amekurukia na swali bila jina? Swali la pili ni juu ya watoto, ama ni juu ya nani uliyekutana naye kule? Jirani anauliza na kupita. Anayetafuta kitu anarudia swali.

Kinachouma ni kwamba upimaji huo haukai kwenye bariere. Unaingia mpaka sokoni. Motari aliyekuwa anauliza kwa kutania sasa anaangaliwa mara mbili, na wengine wanaona afadhali kunyamaza. Kimya hicho hakimlindi mtu sana. Majirani wakiacha kuulizana njia, hakuna atakayegundua upesi kwamba fulani alitoka asubuhi na hajarudi.

Hasara hiyo inawapata pia wale ambao kazi yao ni kuuliza: muuguzi, mwalimu, mreko anayepita nyumba kwa nyumba. Wanaoijua njia hii wana mbinu rahisi. Wanajieleza wao kwanza: "Miye natoka ku sante, naenda kwa mama fulani, nikasema nipite kuwasalimia." Baada ya hapo wanakaa, wanaongea mvua na maharagwe, na wanauliza tena juu ya watoto wakati wanasimama kwa kuaga.