Baada ya Kutolewa Fibroidi, Hedhi Itakuja Aje? Swali Lililosubiri Miaka Mia

Wasee, leo tunaongea damu. Kama unaona aibu, soma tu, hakuna anayekuona. Kwenu kuna dada, mathee ama shangazi anayepitia hii kitu na hajawahi kukuambia.

Fibroidi ni uvimbe unaomea kwenye kizazi. Sio saratani. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa 2003 ulikadiria kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nazo, na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe. Wengi hawajui hata kama wako nazo. Lakini kuna wale hutoka damu hadi wanaishiwa nguvu, kupanda ngazi ni shida, na hao ndio wengi wao huishia kupasuliwa.

Sasa mwanamke akitoka hospitali watu huuliza: uvimbe ulikuwa mkubwa aje? Ulikuwa mingapi? Atazaa? Hakuna anayemuuliza kama hedhi imerudi na inakuja vipi. Mimi nasema huo ukimya una historia. Skiza.

Mwaka wa 1853, mjini Lowell, Massachusetts, daktari Walter Burnham alimfungua mwanamke tumbo akidhani anaenda kutoa uvimbe wa ovari. Mgonjwa akatapika katikati ya upasuaji, na kile kilichosukumwa nje kikawa kizazi chenye fibroidi. Kurudisha kukashindikana. Akakitoa. Mama akapona. Mwaka huo huo, mji huo huo, Gilman Kimball akafanya hivyo kwa kukusudia, na mgonjwa wake pia akaishi.

Usidhani hiyo ilikuwa kawaida. Wengi waliopasuliwa miaka hiyo walikufa, ama kwa damu ama kwa maambukizi, juu madaktari walikuwa bado hawajajua kuua viini. Swali lilikuwa moja tu: ataishi? Hedhi nani angeiuliza? Na kizazi kikitolewa, hedhi imeisha milele.

Halafu ikaja kitu ngumu zaidi. 1872, Robert Battey wa Georgia, Marekani, akaanza kutoa ovari nzima, zisizo na ugonjwa, ndio mwanamke aache kupata hedhi. Huku Ulaya, Lawson Tait wa Uingereza na Alfred Hegar wa Ujerumani wakatumia njia kama hiyo kwa wanawake wenye fibroidi zinazotoa damu. Hesabu yao ilikuwa hivi: ukitoa ovari, damu inakauka na uvimbe unanywea. Kweli, kwa wengine ilifanya kazi. Lakini fikiria msichana wa miaka 25 anaamka amefika ukomo wa hedhi, joto linampanda usiku, mifupa inaanza kudhoofika, na daktari anaandika kwamba upasuaji umefaulu.

Manze, hapo ndipo naona shida yote. Kufaulu kulipimwa na mwenye kisu.

Kulikuwa na njia nyingine tangu miaka ya 1840: kutoa uvimbe wenyewe na kuacha kizazi. Ndugu wawili wa Pennsylvania, John na Washington Atlee, waliijaribu mapema. Lakini madaktari wengi waliikwepa kwa miaka mingi. Kizazi kina mishipa mingi, ukikikata kinatoa damu kama bomba limepasuka. Kukitoa chote kulionekana rahisi na salama.

Aliyebadilisha mambo sana ni Victor Bonney wa London. Mke wake, Annie, alitolewa kizazi mapema kwenye ndoa yao kwa sababu ya fibroidi. Hawakupata mtoto. Bonney akatumia maisha yake kuonyesha kwamba kizazi kinaweza kuokolewa. Akabuni koleo la kubana mishipa inayopeleka damu kwenye kizazi wakati wa upasuaji, kisha anakata, anatoa uvimbe, anashona. Kuna kizazi kimoja alichotoa fibroidi 225 na bado akakiacha ndani.

Namheshimu sana. Lakini niulize tu: kwani ilibidi hii kitu ibishe mlango wa daktari mwenyewe? Wanawake wangapi walikuwa wameshalia kwa hao wengine?

Kizazi kilipoanza kuachwa, sasa lile swali likawa na maana: hedhi itarudi aje? Mwaka wa 1948, Joseph Asherman aliandika kuhusu wanawake ambao hedhi ilikatika baada ya kizazi kukwanguliwa. Ndani kulikuwa na makovu, kuta zimeshikana. Upasuaji wa fibroidi pia unaweza kuleta makovu kama hayo, hasa uvimbe ukitolewa kutoka ndani ya kizazi. Mwaka wa 1995 Jacques Ravina na wenzake wa Paris wakaripoti kwamba walikuwa wanaziba mishipa inayolisha fibroidi kabla ya upasuaji ili kupunguza damu, na baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu hadi hawakuhitaji kupasuliwa tena. Hiyo sasa ni tiba yenyewe, na nayo pia inaweza kubadilisha hedhi.

Tukuje nyumbani. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pedi 2004. Sheria ya 2017 ikasema wasichana wa shule wapewe pedi bure. Poa. Lakini Februari 2023 seneta Gloria Orwoba alifika Seneti na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akaambiwa atoke. Kama Bunge linashtuka hivyo, binti wa miaka 22 atamuuliza daktari maswali na nguvu gani?

Basi wacha niseme wazi. Chuo niliacha na mimi sio daktari, lakini haya sio siri. Ukitolewa uvimbe na kizazi kikabaki, matone ya damu kwa siku kadhaa hadi wiki chache ni kawaida. Hedhi ya kwanza mara nyingi huja baada ya wiki nne hadi sita. Inaweza kuwa nzito ama yenye maumivu kuliko ulivyozoea, inaweza kuchelewa, hasa kama ulidungwa sindano ya kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji. Baada ya miezi miwili au mitatu hivi hutulia, na wengi huona damu imepungua sana.

Ukijaza pedi kila saa, saa mbili mfululizo, ama uwe na homa, ama uchafu unaonuka, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali sai. Hedhi isiporudi kabisa, pima mimba kwanza kama kuna uwezekano, kisha uliza kuhusu makovu. Ikianza kuwa nzito tena baada ya miaka, jua fibroidi mpya zinaweza kumea. Na kama kizazi kilitolewa lakini ovari zikaachwa, hedhi haitakuja, ila homoni zako bado zinafanya kazi.

Kabla ya kutia sahihi ile fomu, uliza: mnatoa nini na mnaacha nini? Kuna njia nyingine? Hedhi yangu itakuwaje, na lini nirudi nikiona haiko sawa? Daktari akikuharakisha, uliza tena. Na wewe kijana unayesoma hii ukidhani haikuhusu, mathee akienda kliniki mpeleke, ukae naye, na akisahau swali, wewe umkumbushe.