Namna ya kuunganisha ofisi mbili kwa simu ya intaneti

Ofisi nyingi za makanisa yetu ya Mashariki zina wenzao nje ya nchi. CBCA, yenye makao makuu hapa Goma, ni mwanachama wa UEM, shirika lenye ofisi Wuppertal, Ujerumani, na Dar es Salaam, Tanzania. Kazi ya pamoja inahitaji mazungumzo, na uniti za kupiga simu nje ya nchi hula sadaka haraka. Makala hii inaeleza namna ya kuunganisha ofisi mbili kwa simu ya intaneti, tukichukua mfano wa Goma na Dar es Salaam.

Inavyofanya kazi

Sauti yako hubadilishwa kuwa namba, hukatwa vipande vidogo viitwavyo paketi, na kila kipande husafiri peke yake kwenye intaneti. Upande wa pili vinaunganishwa tena. Vikichelewa, vikipotea au vikifika kwa kurukaruka, utasikia maneno yaliyokatika.

Njia ya kubana sauti inaitwa kodeki. Ile ya zamani, G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na karibu 80 ukihesabu bahasha za paketi. Saa moja ya mazungumzo hula megabaiti 70 hadi 80 kwa kwenda na kurudi. G.729 hutumia kilobiti 8 tu kabla ya bahasha, na saa moja hula megabaiti 20 hadi 30. Opus, iliyokubaliwa mwaka 2012, hujirekebisha kulingana na nguvu ya laini. Kwa anayenunua mega kila wiki, kuchagua kodeki ni jambo la hazina ya kanisa. Picha ya video hula mara nyingi zaidi, basi izimeni isipohitajika.

Kuchelewa nako kuna kipimo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Setilaiti za juu sana, karibu kilomita 36,000 kutoka duniani, huchukua kama robo ya sekunde kwa kwenda tu. Kwa laini hizo, kila mtu amalize sentensi na kunyamaza kidogo, la sivyo wote watasema kwa pamoja.

Njia mbili

Ya kwanza ni programu ya kwenye simu kama WhatsApp au Signal. Ni rahisi na inatosha kwa ofisi ndogo. Udhaifu wake ni kwamba akaunti hufuata namba ya simu ya mtu. Karani akihama na namba yake, ofisi imepoteza mlango.

Ya pili ni ofisi kuwa na mtambo wake. Programu ya bure kama Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, huwekwa kwenye kompyuta moja inayofanya kazi ya seva. Kila mtumishi hupewa namba fupi: tuseme 101 kwa katibu wa Goma na 201 kwa mwenzake wa Dar es Salaam. Anaweza kutumia simu ya mezani ya intaneti, au programu ya bure kwenye kompyuta au simu ya mkononi.

Seva iwekwe wapi?

Swali hili ndilo zito kuliko yote kwa mji wetu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mlima ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme, maji na intaneti vilikatika. Siku kama hizo ndizo wenzetu wa nje wanapouliza: nani yu hai, nani amekimbia, nani anahitaji dawa?

Seva ikiwa Goma, ofisi ya Goma ikizimika namba zote zinazimika. Kwa hiyo iwekwe upande wenye umeme wa kudumu na ulio mbali na hatari. Katibu aliyekimbilia Bukavu au ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, atafungua programu popote apatapo intaneti, aweke neno lake la siri, na 101 italia mkononi mwake. Namba humfuata mtumishi, haibaki na jengo.

Mambo ya kutayarisha

- Umeme: ruta hutumia umeme kidogo, betri yenye paneli ya jua inaweza kuiendesha jenereta ikiwa haina mafuta.
- Laini mbili za kampuni tofauti, moja ikianguka nyingine ishike.
- Vipokea sauti vya kichwani, ili kuondoa mwangwi na kulinda siri.
- Ratiba: Dar es Salaam iko saa moja mbele yetu mwaka mzima. Ujerumani iko sawa nasi majira yao ya joto, na saa moja nyuma majira ya baridi. Andikeni kwa tarakimu, mfano 10:00 ya Goma, kwa sababu mmoja akisema saa nne, mwingine anaweza kuelewa 4:00.

Usalama

Wezi huzunguka kwenye intaneti wakitafuta seva za simu zenye maneno ya siri mepesi. Wakiingia kwenye seva iliyounganishwa na simu za kawaida, hupiga simu za gharama kubwa na deni linabaki kwako. Tumieni maneno marefu ya siri, na msiunganishe seva na simu za kawaida bila lazima. Kama ni lazima, au mkitaka kuuzia watu huduma hiyo, ulizeni kwanza ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi.

Washeni pia usimbaji wa mazungumzo. Mchungaji anapotaja jina la mama aliyebakwa au kijana anayetafutwa, sikio la mtu mwingine linaweza kugharimu uhai.

Kabla ya kununua chochote

Katika Luka 14:28 Bwana anasema juu ya mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Basi jaribuni kwanza kwa programu ya bure wiki mbili, asubuhi na jioni, mkiandika simu ngapi zilikatika. Chagueni watu wawili, si mmoja, wanaojua kuitunza. Na kila mwezi fanyeni zoezi: zimeni intaneti ya ofisi, kisha mwone kama Dar es Salaam bado wanawapata kwa 101.