Mshipa Kuota Chokaa

Shangazi yangu alianguka bafuni akiwa na miaka 74, akapigwa picha ya eksrei ya mgongo. Daktari kijana akaiinua picha kwenye mwanga na kutuonyesha mambo mawili. Pingili za uti wa mgongo, ambazo zingepaswa kuonekana nyeupe vizuri, zilikuwa zimefifia kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, na moja ilikuwa imebonyea. Mbele ya pingili hizo, mahali ambapo kwa kawaida eksrei haionyeshi kitu, ilishuka mistari miwili myeupe sambamba na mgongo.

"Huu ni mshipa mkubwa wa damu, Bibi," akasema. "Kalsiamu imeganda kwenye kuta zake."

Shangazi akamtazama. "Mwanangu, kalsiamu si ndiyo hiyo uliyoniambia imenipungukia?"

Alijibiwa kwa adabu, lakini haraka haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika nyumbani akakataa maziwa. Dagaa nao akawasukuma pembeni. Alikuwa amelisikia neno kuganda kama tunavyolisikia wote: kitu kimezidi, kimetuama, kimeshika, kama chumvi ya maji ya kisima inavyoshika ndani ya birika. Kilichozidi hupunguzwa. Hoja yake ilikuwa imenyooka. Kilichompoteza ni kitenzi tulichomkabidhi.

Nimeifikiria istilahi hii tangu siku hiyo. Vitabuni utakutana na "ukalsishaji wa mishipa", na kliniki utasikia "kalsiamu kuganda". Lugha za Ulaya hazikuanza mbali na hapo. Mwaka 1808, London, Humphry Davy alitumia umeme kuitenga metali iliyomo ndani ya chokaa, akaipa jina kutokana na neno la Kilatini calx, yaani chokaa yenyewe. Kwa hiyo Mzungu anaposema mshipa umeingia kalsiamu, ukilichimba neno lake chini kabisa unakuta chokaa. Nasi watu wa pwani chokaa tunaijua kwa mikono: matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, yakapondwa, yakapakwa kuta za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kidogo chake kikabaki cha kupaka kwenye tambuu. Mgonjwa akiambiwa chokaa anaona weupe, anahisi ugumu, anajua kwamba kitu kilichopakwa chokaa hakipindi tena. Kalsiamu haimwambii lolote ila tangazo la maziwa.

Shida huanza tunapotaka kuunda neno jipya. Ukisema "uchokaaji", sikio linakimbilia kwenye choka, na mtu atadhani mishipa yake imechoka. Ukijaribu kuanzia kwenye mfupa unafika "ufupishaji", ambalo fupi ilikwisha kulichukua zamani. Nalo neno mshipa lina mzigo wake: kwa watu wengi ni njia ya damu, ni neva, ni kano, hata ngiri huitwa mshipa. Kwa hiyo anayeandika kwa ajili ya wagonjwa hana budi kusema "mshipa wa damu", na pale inapobidi, "ateri".

Inafaa kukumbuka kwamba mfupa na ateri viliwahi kupewa majina ya maradhi yake na mtu mmoja. Jean Lobstein, mwalimu wa patholojia mjini Strasbourg, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa istilahi mbili za Kigiriki tunazozitohoa leo: ateriosklerosisi, ugumu wa ateri, na osteoporosisi, mfupa wenye vitundu. Kitabu chake kikubwa kilitoka kati ya 1829 na 1833. Baadaye maneno hayo yaliachana, moja likaenda kliniki ya moyo, jingine kliniki ya mifupa, na mgonjwa mmoja akawa anapanga foleni mbili.

Mwaka 1863, Rudolf Virchow wa Berlin alisisitiza kwamba alichokiona katika baadhi ya kuta za ateri kilikuwa mfupa wa kweli, wala si chokaa iliyojitupa tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari wengi waliendelea kuuona ugumu huo kama kutu ya uzee. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1993, pale Kristina Boström, Linda Demer na wenzao wa Los Angeles walipoonyesha kwamba ateri zenye ugonjwa zina protini ambayo kazi yake inayojulikana ni kuuamuru mwili utengeneze mfupa.

Miaka michache baadaye yakaja majaribio ya panya, na hapa ndipo picha ya shangazi iliponikaa sawa. Mwaka 1997 ilitangazwa habari ya panya waliozaliwa bila protini iitwayo MGP. Ateri zao ziligeuka mirija migumu, zikapasuka, wakafa ndani ya takriban miezi miwili. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya panya wasio na osteoprotegerini. Jina hilo maana yake ni mlinzi wa mfupa, na kweli, panya walipoikosa, mifupa yao ilitoboka ikawa dhaifu. Lakini ateri zao kubwa nazo ziliingia chokaa. Yote mawili ndani ya mnyama mmoja, kama mistari ile myeupe mbele ya pingili zilizofifia. Walioipa jina walimwona mlinzi wa mfupa tu, kumbe alikuwa amesimama kwenye milango miwili.

Sasa tunajua mengi kuhusu namna jambo hili linavyotokea. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ya karibu kilo moja, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kinachobaki kwenye damu hulindwa kwa ukali na homoni, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mifupa iliyopungua na ateri zilizokakamaa huku kipimo cha kalsiamu ya damu kikisoma sawa. Kinachobadilika ni tabia ya seli. Seli za misuli laini kwenye ukuta wa ateri, zikisumbuliwa na fosfati nyingi ya mgonjwa wa figo, na kisukari, na uvimbe wa ndani wa muda mrefu, huanza kuiga seli zinazojenga mfupa. Hutoa vifuko vidogo mno ambamo chembe za kwanza za kalsiamu na fosfati hujengeka. Mara nyingi huishia hapo, madini matupu. Kwa wachache hupatikana mfupa kamili. Wakati huohuo, baada ya hedhi kukoma, estrojeni hupungua, mifupa hubomolewa kwa kasi kuliko inavyojengwa, na moyo nao hupoteza sehemu ya kinga yake.

Uhusiano huu umeingia hadi kwenye karatasi za dawa. Romosozumabu, dawa inayojenga mfupa kwa kuizuia protini ya sklerostini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 ikiwa na onyo kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi.

Ndiyo maana nasimama na kitenzi kuota. Meno huota, ndevu huota, ukungu huota, hata kutu tunasema imeota. Kitu kinachoota kina chanzo, kina kinachokilisha, na huota mahali fulani kwa sababu mahali hapo pamekikubali. Anayeambiwa kitu kimeganda huuliza kitayeyushwa na nini, naye jirani hakosi kumletea limau na siki. Anayeambiwa kimeota huuliza kimelishwa na nini, na hapo tunaweza kumjibu kwa ukweli: sukari isiyodhibitiwa, shinikizo la damu, sigara, figo zinazoshindwa. Maziwa na dagaa hawamo kwenye orodha hiyo. Vidonge vya kalsiamu ni mazungumzo mengine. Tangu watafiti wa Auckland walipochapisha mashaka yao mwaka 2010, wataalamu wamekuwa wakibishana kama vinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na mgonjwa asivimeze kwa kujiamulia.

Kuota mfupa au kuota chokaa? Moyo wangu unapenda la kwanza, kwa heshima ya Virchow. Lakini mfupa kamili ni wa wachache, na kumwambia kila mgonjwa ana mfupa ndani ya ateri ni kumtisha kwa jambo ambalo huenda hana. Nachagua chokaa. Kamusi itadai nomino, nami nimejaribu "uotaji chokaa wa ateri". Ni nzito mdomoni, na akitokea mwenye nyepesi zaidi nitaipokea kwa furaha. Kitenzi tayari kinafanya kazi. Kwenye karatasi niliyomwandikia shangazi, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, nilifuta kuganda na kuandika: Mifupa yako imepungukiwa, na mshipa wako mkubwa wa damu umeota chokaa. Kunywa maziwa, kula dagaa. Jumatatu tunakwenda kupima figo, sukari na presha.