KOPO LA VITAMINI PALE NJIAPANDA YA HIMO: NANI ALILIPIMA?

Wadau wa Kilimanjaro, Njiapanda ya Himo mnaijua. Ukitoka Rombo, Marangu au Holili kwenda Moshi, pale hupakwepi. Siku hizi pembeni ya ndizi na karanga kuna jamaa wana vikopo vya virutubisho: vitamini C, omega, "ya nguvu", "ya kusafisha damu". Mteja akiuliza kama ni nzuri, jibu ni moja tu: "Imetoka Marekani hii, mama."

Kumbe hili swali la ipi nzuri ni la kitambo sana, kuliko hata neno vitamini lenyewe, ambalo lilitungwa 1912. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wanakufa kwa kiseyeye. Fizi zinavimba, zinatoa damu, meno yanalegea. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli akachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila wawili na tiba yao. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka. Jeshi la majini likachelewa weee, mpaka 1795 ndipo likaanza kugawa juisi ya limau, na kiseyeye kikashuka sana.

Sasa sikia walichofanya baadaye. Kwenye miaka ya 1860 wakaacha limau wakahamia ndimu, kwa sababu ndimu zilitoka kwenye makoloni yao wenyewe. Ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limau, halafu juisi yenyewe ilikaa muda mrefu na kupitishwa kwenye mabomba ya shaba, ikazidi kuharibika. Hakuna aliyeshtuka, maana meli za mvuke zilishafupisha safari. Mwaka 1875 wakatuma msafara kuelekea Ncha ya Kaskazini, juisi wanayo, na kiseyeye kikawapiga vibaya. Uchachu ulikuwepo vilevile. Walipima kwa ulimi, na ulimi hauoni vitamini.

Turudi kwenye "imetoka Marekani". Kule, kwa sheria ya 1994, mtengenezaji wa virutubisho hahitaji kibali cha FDA kuthibitisha kwamba bidhaa yake ni salama au inafanya kazi ndipo aiuze. FDA inakuja nyuma, mambo yakiharibika. Kwa hiyo hata kama kweli kopo limetoka huko, hiyo ni anuani tu.

Na sisi yametukuta. Mwaka 2009 Metakelfin bandia, dawa ya malaria, ilikutwa kwenye maduka ya dawa 40 hapa Tanzania, haina kiasi cha dawa kinachotakiwa. Hayo ni maduka yenye milango na leseni, achilia mbali begi la mgongoni. Wakati huo TFDA ndiyo iliyosimamia vyote. Tangu 2019 dawa ziko TMDA, chakula na vipodozi viko TBS. Kopo la virutubisho linajibanza katikati: muuzaji akibanwa anasema ni chakula tu, akisifia anasema linatibu kisukari. Mwulize limesajiliwa wapi, namba ya toleo iko wapi, nani kaliingiza nchini. Mwulize pia limeshinda juani siku ngapi, maana jua la Himo mnalijua, na joto na unyevu vinaiua vitamini C taratibu.

Hela ikipotea, itatafutwa nyingine. Kinachotisha ni mzee wa presha kule juu milimani anayeambiwa aache vidonge vya hospitali kwa sababu kopo "linatoa sumu yote". Presha haina kelele. Anajisikia mzima mpaka siku anapoanguka.

Halafu kuna vitamini nyingine ambayo haipigiwi debe kwenye gari. Mama anapeleka mtoto kliniki mwezi wa sita na wa kumi na mbili, nesi anakata ncha ya kidonge laini, anakamulia mdomoni. Vitamini A. Cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, kipimo chake kinajulikana, na hailipiwi.