Habari za Wasimamizi wa Wagonjwa na Mzigo wa Kazi Yao

Katika kitabu hiki cha yubilei zimeandikwa habari za maaskofu na mapadre, na za makanisa yaliyojengwa. Sisi tumeona vema kuandika habari za watu wengine ambao husahauliwa upesi, nao ni wasimamizi wa wagonjwa: matroni wa hospitali, mkuu wa zahanati, na mzee wa kanisa aliyekabidhiwa wajane na wagonjwa wa mtaa. Kazi ya watu hawa haina machweo. Kila aitaye huwaita wao. Na mara nyingi huchoka, si kwa ukubwa wa kazi yenyewe, bali kwa mambo madogo mia yaliyowakatiza kabla hawajamaliza hata moja.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Twasoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, jinsi wajane wa Kiyunani walivyosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujaribu kuubeba mzigo ule pamoja na mizigo mingine yote. Walitaka wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, nao wenyewe wakadumu katika sala na huduma ya neno. Mtakatifu Benedikto naye, katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliagiza kwamba mtunza ghala apewe wasaidizi ikiwa jamaa ni kubwa, ili aitimize kazi yake kwa moyo mtulivu, na kwamba vitu viombwe na kutolewa kwa saa zake. Walimu wetu wanaobishiwa hodi usiku kwa ajili ya kipande cha chaki watalielewa agizo hili pasipo kufafanuliwa.

Lakini aliyeichunguza kazi hii kuliko wengi ni Bibi Florence Nightingale wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1820. Watu humkumbuka na taa yake mkononi, akipita usiku kati ya vitanda vya askari, na picha hiyo ni nzuri. Ila imetuficha sehemu kubwa ya kazi yake, ambayo ilikuwa kupanga. Mwaka 1851 alikaa miezi kadhaa Kaiserswerth, katika Ujerumani, kwenye nyumba ya mashemasi wa kike iliyoanzishwa na Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike mwaka 1836. Mfano wa nyumba hiyo ndio uliofuatwa Bethel, na kutoka Bethel walikuja masista waliowauguza wagonjwa Dar es Salaam na Usambara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo habari hizi hazipo mbali nasi kama zionekanavyo.

Mwaka 1853 alikabidhiwa nyumba ndogo ya kuuguzia wanawake huko London. Jambo alilolishikilia kabla ya kuanza lilikuwa hili: maji ya moto yapande kwa mabomba hata kila dari, chakula kipandishwe kwa chombo cha kuvutwa kwa kamba, na kengele za wagonjwa ziwe na alama ya kumwonyesha muuguzi ni nani aliyeita. Aliona kwamba pasipo vitu hivyo muuguzi hugeuka kuwa miguu tu, akishinda kupanda na kushuka ngazi. Wako waliodhani kwamba muuguzi mwema ni yule akimbiaye sana. Yeye alihesabu hatua zilizopotea, akaziondoa.

Tarehe 4 Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, pamoja na wauguzi 38, wakati wa Vita ya Crimea. Hospitali ilikuwa imejaa majeruhi na uchafu. Hapo alifanya jambo lililowaudhi baadhi ya wauguzi wake: hakuwaruhusu kuingia vyumbani mwa wagonjwa mpaka waganga wa jeshi wawaombe. Kwa kuwa waganga hao hawakuwapenda wageni, alingoja, na katika kungoja akashughulika na jiko, mashuka na mashati. Baadaye alikodi nyumba, akatia masufuria makubwa ya kuchemshia maji, akawaajiri wake za askari kufua nguo. Twaona hapa akili ya msimamizi. Majeraha yalikuwa mengi kupita mikono yake, naye akayashika yale ambayo, yakitengenezwa mara moja, yangewafaa wote.

Hata hivyo haifai kumsifu kupita kweli. Mwezi Februari 1855 walikufa kiasi cha wagonjwa 42 katika kila 100, ijapokuwa alijitahidi usiku na mchana. Vifo vilipungua sana baada ya mwezi Machi, ilipofika tume ya serikali ikazibua mifereji ya maji machafu na kutia hewa safi majumbani. Aliporudi kwao alizichunguza hesabu hizo pamoja na Bwana William Farr, akajifunza ya kuwa bidii ya muuguzi haitoshi pale ambapo nyumba yenyewe yaua. Tangu hapo hesabu iliyoandikwa ikawa chombo chake kikubwa.

Katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, aliweka sura nzima juu ya usimamizi wa mambo madogo. Huko anafundisha kwamba kazi ya msimamizi ni kuhakikisha yale ayafanyayo akiwapo yafanyike pia asipokuwapo. Kuwa mkuu, asema, si kufanya yote kwa mkono wako, wala si kuwapa watu wengi kazi moja, bali ni kuona kwamba kila mtu aitimiza ile aliyopewa. Tena awakemea wakuu wanaojivunia kwamba wakiondoka siku moja mambo yote huharibika. Kwake hiyo ni aibu, maana mipango yao imefichwa vichwani mwao. Tumewajua wakuu wa namna hiyo, na kwa kweli walipendwa sana. Lakini walipougua wao, funguo za kabati la dawa zilitafutwa siku mbili.

Mwenyewe alirudi na afya iliyovunjika, na miaka mingi alifanya kazi kitandani. Hakupokea wageni ila mmoja mmoja, kwa saa iliyoagwa. Wengine walimwona mkali. Lakini kwa njia hiyo, asiyeweza kutembea hospitalini aliandika ripoti zilizotengeneza hospitali nyingi, na mwaka 1860 chuo cha wauguzi kikafunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas, London. Alikufa mwaka 1910.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Daktari Albert Cook na Bibi Katharine Timpson, muuguzi aliyekuja kuwa mkewe, walifika Uganda mwaka 1897 wakaanzisha hospitali ya Mengo. Wagonjwa walikuwa wengi, wahudumu wachache, na mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali. Katika haraka hiyo yote habari za wagonjwa ziliandikwa: jina, ugonjwa, dawa, na mwisho wake. Maandiko hayo yalijalidiwa mwaka baada ya mwaka, nayo yamehifadhiwa Makerere.